Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Maiti ililala kifudifudi nyuma ya mlango, mkono mmoja umenyooshwa mbele, kucha zimevunjika.

Inspekta alisimama kizingitini, hakuingia. Chumba cha seva kilikuwa kidogo kama stoo, hakina dirisha. Kulikuwa na makabati mawili ya chuma yenye kompyuta zinazovuma, skrini na kibodi juu ya rafu, na pembeni mitungi mitatu myekundu ya gesi ya kuzimia moto. Kibandiko kilichokuwa juu ya mitungi hakikuzungusha maneno: HATARI. GESI HII HUONDOA HEWA. TOKA MARA MOJA.

"Ingia tu, afande," alisema Sajenti nyuma yake. "Watu wa zimamoto wamepima. Hewa imerudi."

"Wewe umeshaingia?"

"Mimi? Nilikuwa nakusubiri wewe, afande. Heshima."

Inspekta aliogopa. Pale kazini walimwita Kobe, nyuma ya mgongo wake, kwa jinsi alivyokwenda taratibu na uso usioonyesha kitu, na wengi waliamini mama yule hajui woga. Kumbe vyumba visivyo na dirisha alivikwepa tangu utotoni. Akajikaza kisabuni, akavuta pumzi ndefu ya ukumbini, akaingia nayo.

Marehemu alikuwa fundi wa kompyuta wa kituo hicho cha kusafishia maji ya mji. Wenzake walimwita Ngwini, kwa sababu ya picha ya yule ndege wa nchi za baridi aliyoibandika kwenye kompyuta yake ya mkononi. Ndege huyo ni alama ya Linux, mfumo ambao Ngwini aliuamini kuliko alivyomwamini daktari wake.

"Hana jeraha," alisema daktari wa polisi akivua glavu. "Amekosa hewa. Ni tangu jana mchana, nikimtazama hivi."

"Ajali?"

"Gesi ikifunguka, mtu anao muda wa kusukuma mlango na kutoka. Na huyu alisukuma. Tazama mwenyewe."

Upande wa ndani wa mlango rangi ilikuwa imekwanguliwa, kutoka usawa wa kifua kushuka hadi chini. Mlango haukuwa na kufuli. Ukishusha kitasa na kuusukuma, unafunguka, hata mtoto angeweza.

Inspekta alirudi ukumbini, akapiga magoti. Kwenye plastiki ya sakafu, mbele kabisa ya mlango, palikuwa na mikwaruzo miwili mipya. Kiti cha chuma kilikuwa kimerudishwa ukutani kwa adabu zote, kama hakikufanya kitu. Alikipindua. Miguu yake miwili ya nyuma ilikuwa na ungaunga wa plastiki ile ile.

"Kiti kiliegemezwa chini ya kitasa," alisema. "Na kitufe cha gesi ni hiki hapa, nje. King'ora je?"

Sajenti alifungua kisanduku ukutani. Waya ulikuwa umekatwa, safi, kwa koleo.

"Basi kuna mtu alisimama hapa hapa, akamsikiliza mwenzake anakata roho."

Sajenti alijiondoa haraka pale alipokuwa amesimama.

Aliyeikuta maiti alikuwa opereta wa zamu, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walimhoji katika chumba cha kuongozea mitambo, mbele ya skrini nne zilizojaa tarakimu za kijani. Mngurumo wa pampu ulitikisa hata vikombe.

"Ilikuwaje ukaingia kule?"

"Mkewe alinipigia simu asubuhi. Hakurudi nyumbani. Nikatoka nje, nikaiona pikipiki yake ipo pale pale. Moyo ukanipasuka."

"Jana mchana ulisikia nini?"

"Kwa kelele hizi, mama? Hata ukinipigia ngoma sisikii."

"Uliona nini?"

"Skrini zilizima. Zote. Zikakaa hivyo kitambo, halafu zikarudi. Nikajua ni Ngwini na mambo yake."

"Nani mwingine anaingia kwenye seva?"

"Ni yeye na Mhandisi Mkuu tu. Mhandisi ndiye aliyemfundisha kazi. Lakini jana Mhandisi alikuwa kwake, anaumwa."

Inspekta alitazama tarakimu. "Hizi zinasema nini?"

"Maji mazuri hayo. Ile pale ni klorini, dawa ya kuua vijidudu. Iko sawasawa." Mwanamama alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwezi mzima haijatetereka. Sijawahi kuona mitambo imetulia hivi."

Mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta aliyeletwa na polisi alikuwa binti mdogo wa umbo mwenye sauti ya chini. Alikaa mbele ya ile kibodi, maiti ikiwa imeshaondolewa, akaandika amri zake bila kutazama vidole. Inspekta alisimama mlangoni, mguu mmoja ukiuzuia mlango usijifunge.

"Afande, hapa kuna kitu," binti alisema. "Juu ya hii Linux wamesakinisha programu ya kuendesha mashine pepe."

"Pepe au pepo?" aliuliza Sajenti.

"Pepe. Ni kompyuta ndani ya kompyuta. Haina chuma wala waya, lakini aliye nje hawezi kuitofautisha na kompyuta ya kweli. Kazi ya kawaida tu, viwanda vingi vinayo, kwa ajili ya programu zao za zamani." Alikunja paji la uso. "Ila programu hii iliondolewa jana. Ilipong'olewa ndipo skrini za kule zilipozima. Baadaye ikasakinishwa upya."

"Na gesi ilifunguliwa lini?"

"Mtambo wa gesi unaandika kumbukumbu zake. Gesi ilitoka baada ya programu kung'olewa, na kabla haijarudishwa."

Inspekta alilipanga hilo kichwani. Ngwini aliing'oa, akafa, kisha mtu mwingine akairudisha.

"Ndani ya hiyo pepe mna nini?"

Binti aliandika, akasoma, akaandika tena. Mikono yake ikaanza kwenda polepole. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Afande, skrini za yule mama haziangalii mitambo. Zinaangalia hii. Na hii inarudia tarakimu za wiki moja ya zamani, ikiisha inaanza tena."

"Na tarakimu za kweli?"

"Hakuna anayeziona."

Walikwenda kwenye banda la klorini karibu mbio, Kobe akiwa mbele safari hii. Pampu ya dawa ilikuwa kimya. Inspekta aliweka kiganja juu yake, ilikuwa ya baridi. Bomba la kutolea dawa lilikuwa kavu kabisa, buibui amelitandia mdomo. Opereta aliyewafuata alishika miwani yake kwa mikono miwili, akaanza kulia bila sauti.

"Nani anapima maji kwa mkono?" Inspekta aliuliza.

"Mpimaji yuko likizo ya uzazi. Hawakuleta mwingine. Walisema tutegemee skrini."

Mji mzima ulikunywa maji yale. Tena ulikunywa kwa kujidai, kwa sababu idara ya maji iliyasifu maji yake kila mahali kwamba hayahitaji kuchemshwa. Inspekta mwenyewe alikunywa glasi asubuhi kabla ya kutoka. Lakini hakujiwazia yeye. Aliwaza mjukuu wake wa miezi mitano, anayekunywa maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji ya bomba. Jana binti yake alimwambia kwenye simu kwamba mtoto anaharisha, naye akamjibu kwa wepesi, "Ni meno hayo, usihangaike."

Alimpigia Mkuu wa Upelelezi.

"Umethibitisha?" Mkuu aliuliza.

"Pampu imekufa, Mkuu. Nimeigusa."

"Kuigusa si kuthibitisha. Chukua sampuli, peleka maabara ya serikali, subiri majibu. Mpaka hapo hakuna kufungua mdomo. Kwa mtu yeyote. Ukizua taharuki mji huu utalipuka, na mimi na wewe tutakuwa barabarani tunauza mitumba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

Alibaki ameishika simu. Jina la binti yake lilikuwa la pili kwenye orodha. Aliliangalia, akakumbuka sauti ya Mkuu, akaitia simu mfukoni. Majibu yatakuja upesi, alijiambia. Ni mchana tu huu.

Mhandisi Mkuu aliletwa kituoni akiwa na kikohozi na shati lililopigwa pasi vizuri kupita kiasi kwa mgonjwa. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti na balbu moja. Binti wa kompyuta alikaa pembeni akiandika maelezo.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Homa. Muulizeni mke wangu."

"Mkeo anasema alikuwa kazini kwake."

"Basi waulizeni ukuta na kitanda. Nilikuwa nyumbani."

"Ulipata habari ya Ngwini saa ngapi?"

"Leo, kama wengine." Alimeza mate. "Alikuwa kama mdogo wangu yule."

"Kuna programu ya mashine pepe kwenye seva. Nani aliisakinisha jana?"

Hakupepesa macho. Swali hilo alilitegemea. "Mimi. Kutoka nyumbani, kwa mtandao. Niliona imeondolewa, nikajua kijana amekosea, nikairudisha. Kumbukumbu za seva zitawaonyesha kuwa niliingia kwa simu yangu. Ningejuaje kwamba wakati huo mwenzangu amelala pale?"

Hapo Inspekta alitaka kumrukia mezani na kumuuliza habari ya maji. Hakumuuliza. Mtu akijua unachokijua anafunga mdomo, na yeye alihitaji mdomo huu uendelee kufunguka. Aliuegemea mgongo wa kiti, akapunguza sauti.

"Mimi mtu wa mafaili, bwana. Kompyuta zinanipiga chenga. Hebu nieleze kama unamweleza mtoto, inasakinishwaje hiyo kitu? Mkuu wangu ataniuliza, nami sitaki kuumbuka."

Mhandisi alilegea kidogo. Watu wa fani yake huwa hawaulizwi, na wakiulizwa hawanyamazi.

"Si kazi kubwa ukiijua. Kwanza unahakikisha kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, kinaruhusu mashine pepe, maana mara nyingi wameizima kule kwenye mipangilio ya mwanzo. Yetu nilishaiwasha zamani. Halafu unavuta vifurushi vya programu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, lazima uvute na faili za kiini cha mfumo, toleo lile lile unalotumia. Ukikosea toleo, moduli, kile kipande kinachoiunganisha pepe na mfumo, haijengeki, unabaki unatukana."

"Kumbe."

"Ndiyo. Kisha unamwingiza mtumiaji kwenye kundi linaloruhusiwa, la sivyo programu inakukatalia kama hukujui. Na seva yetu ina ulinzi wa kuwaka, haikubali moduli isiyo na saini. Hilo Ngwini alilisisitiza mwenyewe. Kwa hiyo unatengeneza saini, unaweka nenosiri, unaiwasha kompyuta upya."

"Halafu imekwisha?"

"Bado. Inakuja skrini ya bluu. Usipobonyeza kitufe upesi inakupita, unaanza mwanzo. Mimi mara ya kwanza ilinipita. Mara ya pili nikaiwahi, nikaandika nenosiri, ikaikubali saini. Hapo ndipo pepe ikaamka."

Kalamu ya binti ilikuwa imesimama.

Inspekta aliliona hilo kwa pembe ya jicho. Akainuka, akasema anakwenda kutafuta kiberiti, ingawa havuti, na binti akamfuata.

Ukumbini binti alinong'ona. "Afande, hiyo skrini ya bluu."

"Ina nini?"

"Inakuja kabla Linux haijaamka. Wakati huo mtandao haupo. Haiwezi kuonekana kwa simu wala kutoka nyumbani, imewekwa hivyo makusudi, ili mwizi wa mbali asiweze kukubali saini. Anayeiona ni aliyekaa mbele ya skrini ile ile, anayeijibu ni aliyeshika kibodi ile ile. Na seva ile haina njia nyingine. Nimekagua."

Inspekta aliona chumba kile tena: rafu, kibodi, na nyuma ya mlango, hatua chache tu kutoka kiti cha mwandikaji, mtu amelala kifudifudi. Mhandisi alisubiri gesi itoke, akamruka. Skrini ilipompita akaanza upya, kwa utulivu, maiti ikiwa ubavuni pake. Inspekta alikuwa amewahi kukaa na wauaji wengi, wenye mapanga na wenye hasira, na hakuna aliyemtisha kama huyu mwenye shati lililonyooshwa.

Alirudi, akaketi.

"Ile skrini ya bluu, bwana. Uliiona kwenye simu yako?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Nime..." Macho yake yalikwenda kwa binti, yakarudi. Kikohozi chote kilikuwa kimepona.

"Aliyesisitiza ulinzi ule ni Ngwini," alisema Inspekta polepole. "Uliandika nenosiri ukiwa umekaa wapi?"

Mhandisi aliweka mikono yote miwili mezani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nilikaa pale," alisema.

"Maiti ikiwa wapi?"

"Mlangoni. Sikugeuka. Nilisema nikigeuka sitamaliza."

"Kwa nini?"

"Pampu ilikufa." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mhandisi aliyekuwepo kabla yangu, mtambo ulimharibikia, akaenda kutoa taarifa. Mkurugenzi alimfukuza kazi pale uwanjani mbele ya wafanyakazi wote, akimzomea kama mwizi wa kuku. Mimi nilikuwepo, nilisimama mstari wa mbele. Pampu yangu ilipokufa niliona uwanja ule tu. Nikaagiza kifaa kimyakimya. Nikasema nitengeneze pepe ishike wiki moja, kifaa kikifika nafunga, hakuna atakayejua. Kifaa kikachelewa. Na kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu zaidi kuliko jana yake."

"Ngwini akagundua."

"Alikuja nyumbani kwangu jana asubuhi. Hakunitisha. Angenitisha ingekuwa nafuu." Machozi yalianza kumtiririka. "Aliniambia, 'Kaka, twende wote tukaseme, nitasimama na wewe.' Akatangulia kwenda kuing'oa. Nikamfuata ili nimsihi. Nikakuta mlango umefungwa, yeye yuko ndani, kiti kiko hapo. Waya wa king'ora niliukata kwanza. Sijui kwa nini mkono wangu ulijua cha kufanya."

"Ulizisikia kucha mlangoni?"

Alitikisa kichwa kukubali.

Inspekta aliliacha hilo. Lilikuwepo swali jingine, na alilihitaji kwa ajili yake mwenyewe kuliko kwa faili.

"Watu wanakunywa maji hayo. Ulimwambia nani achemshe?"

"Hakuna."

"Mkeo?"

"Hapana."

"Una mama?"

Mhandisi aliinama mpaka paji likagusa meza. "Anakunywa glasi mbili kila asubuhi. Daktari ndiye aliyemwambia anywe maji mengi. Namwangalia anakunywa. Ningemwambia achemshe angeniuliza kwa nini, na yeye siwezi kumdanganya."

Inspekta alikitazama kisogo chake. Mama mzazi, tena mbele ya macho yake, kwa kumwogopa mkubwa wa kazi! Alikuwa ameshafungua mdomo amwambie neno la kumchoma, ndipo simu iliyokuwa mfukoni ilipomlemea paja. Tangu mchana ilikuwa pale, na yeye alikuwa hajaitoa.

Alitoka bila kumwambia mtu. Ukumbini alimgonga Sajenti kifua kwa kifua.

"Chukua gari la kipaza sauti. Mitaa yote. Watu wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha."

"Afande, Mkuu alisema..."

"Mkuu nitamjibu mimi. Nenda!"

Sajenti, ambaye hakukosa neno siku yoyote, alikimbia bila neno. Inspekta alibonyeza jina la pili. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa.

"Mama, tuko hospitali." Sauti ya binti yake ilikuwa imekauka. "Amelegea. Hata kulia hawezi."

Alimkuta kwenye benchi la wodi ya watoto, kanga imemteleza mabegani. Mtoto alikuwa amelazwa, macho yameingia ndani, sindano ya maji imefungwa kwenye mguu mdogo kuliko kiganja cha bibi yake. Muuguzi alisema wamemwahi, lakini kwa kidogo sana, na wasubiri usiku upite ndipo waseme neno. Vitanda vingine vilikuwa vimejaa. Akina mama walikuwa wakiulizana watoto wamekula nini.

Walikaa. Inspekta aliupapasa mguu usio na sindano, akashukuru kwamba ulikuwa na joto.

Nje gari lilipita taratibu, na sauti ya Sajenti ikaingia dirishani, kubwa na iliyopasuka. Tangazo kwa wananchi wote. Msinywe maji ya bomba. Chemsheni kwanza. Msiwape watoto. Narudia, msiwape watoto.

Binti yake aliinua kichwa, akasikiliza mpaka gari likapita. Kisha akamgeukia mama yake, akazitazama nyota za begani, akamtazama usoni.

"Gari la kwenu hilo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulijua tangu saa ngapi, mama?"

Inspekta aliwahi kuwauliza watu wengi maswali, na aliwajua wote waliotazama sakafu kabla ya kujibu. Aliitazama sakafu.

"Tangu mchana," alisema.

Binti yake aliivuta kanga mabegani, akamgeukia mtoto.

"Mchana nilimpa chupa mbili," alisema.